Mnukia Uliokataa Kuchanua

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa ya nani?

Ya mtu aliye mbali!

Basi sogeeni. Mwenye mtu wake mbali asogee zaidi, maana ngano hii ni yake.

Hapo zamani za kale, kale ya watu kuitana kwa mluzi toka kilima hadi kilima, palikuwa na kijiji mgongoni mwa mlima. Juu ya kijiji palikuwa na kichaka. Kila baada ya mvua kichaka kile kilifunikwa na maua meupe, meupe pee, na harufu yake ikashuka polepole mpaka majikoni. Watu waliuita mmea huo mnukia. Mrefu, mnukia. Mfupi, mnukia. Ulioota kwenye mwamba, mnukia. Wote waliona mmea mmoja.

Isipokuwa Babu Ndurya.

Babu Ndurya alikuwa mrina asali. Nyuki wake waliishi kwa maua ya kichaka kile, kwa hiyo alikijua kichaka kama mtu anavyojua ugomvi wa nyumbani kwake.

"Hao si mmoja," alikuwa akisema. "Hao ni wake watatu wa mume mmoja. Siku ya sherehe wanavaa nguo moja. Ukitaka kuwajua, nenda siku ya kazi."

"Na mume ni nani, Babu?"

"Mimi, nani mwingine? Hamuoni nilivyokonda?"

Watu walicheka. Walicheka, wakasahau. Yeye hakusahau. Aliwaita Bi Mkubwa, Bi Mdogo na Bi Mkaidi, na akirudi na asali alilamba kidole, akafumba macho, akasema, "Hii ni ya Bi Mdogo. Hii nyeusi ni ya Bi Mkaidi, na mwaka huu tutalala na njaa." Na kweli, mwaka huo mvua ilikataa.

Sasa sikilizeni mila ya kijiji kile.

Msichana akiolewa mbali, aliondoka na kijiti cha mnukia. Alikipanda mlangoni kwa mumewe. Tangu siku hiyo yeye na mama yake hawakuonana kwa macho mpaka mnukia uchanue. Ua la kwanza ndilo ruhusa. Bibi harusi alilichuma, akalifunga kichwani, akaja nalo kwao kumtazama mama. Na mnukia ukifa? Njia imekufa. Binti amekuwa wa huko, na mama atabaki na jina lake mdomoni.

Watu hawakuiogopa mila hiyo, kwa sababu Babu Ndurya ndiye aliyewakatia maharusi vijiti vyao. Alikata, akanusa, akampa bibi harusi. Masika yakija na kupita, binti naye huyo, anakuja na ua kichwani. Hakuna aliyeuliza anachagua vipi.

Katika kijiji hicho aliishi mjane aliyeitwa Mbodze. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Nyevu, msichana mwenye kicheko cha kuamsha kuku. Nyevu akachumbiwa na kijana wa bondeni, ng'ambo ya mto. Mavuno yakaingia ghalani, siku ya harusi ikafika. Kilikuwa kiangazi, na kichakani hapakuwa na ua hata moja.

Na Babu Ndurya hakuwepo. Alikuwa porini kwenye mizinga yake, anawatafutia maharusi asali. Alikuwa ameacha neno: "Mningoje."

Walingoja. Ngoma zikapigwa, ngoma zikachoka. Wakwe wakaanza kutazama jua.

"Mkwe," akasema baba wa bwana harusi, "tunakwenda au tunalala? Mto wetu jioni una mamba."

Mbodze aliona aibu mbele ya wakwe. Akachukua panga, akaingia kichakani peke yake. Machozi yalikuwa yamemjaa, na kila kijiti alikiona viwili. Akakikamata kile kilichonyooka kuliko vyote.

"Mnukia ni mnukia," akajiambia.

Kwa! Akakata.

Kesho yake Babu Ndurya akarudi, asali begani, vidole vimevimba kwa miiba ya nyuki.

"Mchumba wangu Nyevu yuko wapi?"

"Ameshakwenda, Babu."

"Na kijiti?"

"Nimemkatia mwenyewe."

"Yupi?"

"Mnukia."

"Mwanangu, nakuuliza yupi."

Mbodze akamshika mkono, wakapanda pamoja mpaka kichakani. Lakini siku ile ya harusi akina mama walikuwa wamekata matawi kwa mafungu, ya kupamba nyumba na kiti cha bibi harusi. Visiki vilikuwa kila mahali, vibichi vyote. Babu aliinama kwenye hiki, akainama kwenye kile, kisha akaketi chini.

"Tungoje," akasema.

Wakangoja.

Masika yakaja, masika yakapita. Akaja Chengo, muuza chumvi, aliyekuwa akitembea kati ya bonde na mlima.

"Chengo, umemwona mwanangu?"

"Nimemwona, mama. Anakusalimu."

"Mnukia wake?"

"Umesitawi! Majani laini kama masikio ya ndama."

"Na ua?"

"Ua hakuna."

"Mwambie amwagilie."

Masika yakaja, masika yakapita. Chengo akaja, Chengo akapita. "Na ua?" "Ua hakuna." "Mwambie azidishe maji."

Nyevu akazidisha. Asubuhi, chwaa! Jioni, chwaa! Mtungi ukaisha, akarudi mtoni. Chengo alisema kuwa akimwagilia alikuwa akiimba, na wanawake wa bondeni walisimama na mizigo kichwani kumsikiliza:

*Kunywa, mnukia, kunywa,*
*nami nina kiu pia;*
*yangu si kiu ya maji,*
*ni ya mama na ya njia.*

Mbodze alijifunza wimbo ule kwa Chengo. Aliuimba akisaga, aliuimba akichambua mboga. Bado alipika chakula cha watu wawili, na kila siku alikula kiporo. Wasichana walioolewa nyuma ya Nyevu walikuwa wamekwisha kuja na maua yao, wengine na watoto mgongoni. Kila mara harufu ya mnukia ilipoingia kijijini, Mbodze alitoka mbio mlangoni, akaona ni binti wa mtu mwingine, akarudi ndani akajifanya alikuwa anafukuza kuku.

Siku moja kisimani mwanamke mmoja akasema, si kwa sauti kubwa, ila kwa sauti ya kutosha, "Wengine binti zao wamepanda jiwe."

Mbodze akajitwika mtungi wake, na hapo akagundua jambo lililomtia baridi: alikumbuka kicheko cha mwanawe, alikumbuka mwendo wake, lakini hakukumbuka tena kishimo cha shavuni kilikuwa upande gani. Kulia? Kushoto? Akauweka mtungi chini palepale njiani, akaenda kwa Babu Ndurya.

Babu alikuwa amezeeka. Mizinga yake sasa iliangaliwa na wengine.

"Ningesimama kukupokea," akasema, "lakini magoti yangu yamehamia kijiji kingine. Hata salamu hayaleti."

"Babu, mnukia wa Nyevu hauchanui."

"Nimesikia. Basi si Bi Mdogo. Bi Mdogo hana siri, mvua mbili tu naye anacheka. Ulimkatia Bi Mkubwa au Bi Mkaidi."

"Kuna tofauti gani?"

"Ah! Leo umeuliza." Akajisogeza kwenye mkeka. "Bi Mkubwa anataka maji na subira. Mnyweshe miaka mingi, atatoa ua. Mnyime maji, anakufa. Bi Mkaidi ni kinyume. Ukimnywesha ananenepa, anapendeza, anasahau. Hatoi ua mpaka aonje kiu, mpaka aogope kufa. Ndiyo maana asali yake ni ya mwaka wa njaa."

Mbodze akashika kichwa. "Na mimi kila mwaka namtumia neno amwagilie! Nitamwambia aache maji leo hii!"

"Na kama ni Bi Mkubwa?"

Kama ni Bi Mkubwa, neno hilo lingeua njia ya mwanawe.

Walimtuma Chengo alete jani moja. Chengo alilileta, lakini alikuwa amelitia ndani ya mfuko wa chumvi ili lisipotee. Babu alilinusa, akaligeuza, akaliweka ulimini.

"Chengo, baba, hili ni jani au ni samaki?"

"Nilitaka lisioze, Babu."

"Halitaoza kamwe. Lakini mimi naona chumvi tu." Kisha akamgeukia Mbodze. "Itabidi uende mwenyewe."

"Babu! Mila!"

"Mila inasema msionane kwa macho. Juu ya vidole sijasikia mila ikisema kitu."

Habari ikaenea. Mzee mmoja wa baraza akaja amenuna. "Ndurya, jambo hilo halijapata kuonekana."

"Ndiyo maana tutamfunga macho," akajibu Babu. "Nani ataliona?"

Basi Babu akaanza kumfundisha. Alibebwa mpaka ukingoni mwa kichaka, Mbodze akafungwa kitambaa usoni, akaambiwa apapase.

"Huyu nani?"

"Bi Mdogo."

"Na huyu?"

"Bi Mkubwa... hapana, Bi Mkaidi. Ana kifundo kigumu."

"Hicho ni kidole changu cha mguu, mwanangu."

Wakacheka mpaka Babu akakohoa. Kisha wakaanza tena. Walianza tena wakati wa umande, wakaanza tena wakati wa joto, maana jani la asubuhi si jani la mchana. Walipapasa maua yakiwepo, na Babu akamkemea. "Achana na ua! Ua ni mgeni. Mgeni huja amejipamba. Shika jani, jani ndiye mwenyeji."

Mbodze akajua majani. Jani la Bi Mkubwa lilikuwa laini upande wa chini. Jani la Bi Mdogo lilikuwa na ukingo wa kukwaruza. Jani la Bi Mkaidi lilikuwa kavu na jembamba.

"Umejua," akasema Babu. "Sasa sahau. Jani ni kama shavu la mtu: akishiba linajaa, akiwa na njaa linabonyea. Nenda kwapani, pale jani linapoungana na tawi. Hapo mtu hanenepi, hapo mtu haringi. Bi Mkaidi ana kipunje pale, kidogo kama mtama. Wenzake hawana. Kitafute."

Mbodze alitafuta. Alitafuta mpaka ncha za vidole zikachubuka. Siku alipowataja wote bila kukosea, Babu hakumsifu. Alisema tu, "Nenda kabla mto haujajaa."

Chengo alimwongoza. Walipovuka mto Mbodze akafungwa macho, akashika ncha ya fimbo ya Chengo, wakaingia bondeni hivyo. Watoto waliwafuata wakipiga makofi. Kule nyumbani mavyaa yake Nyevu, mama wa mumewe, alikuwa amekwisha kumfunga Nyevu kitambaa naye, akamsimamisha kando ya mlango. Wanawake wawili wamefungwa macho, na kati yao mnukia.

"Shikamoo, mama."

Mbodze alisimama kama aliyepigwa. Sauti ilikuwa imekuwa nzito. Ilikuwa sauti ya mtu mzima.

"Marahaba, mwanangu."

Akataka kusema maneno yote aliyoyaweka miaka yote. Badala yake akanyoosha mkono, akagusa mmea.

Majani yalikuwa laini. Laini kama masikio ya ndama. Akageuza moja, akageuza jingine: laini, laini, laini. Bi Mkubwa, akawaza. Bi Mkubwa, na miaka mingine mingi. Ulimi wake ulikuwa tayari kusema, "Endelea, mwanangu, mwagilia." Lakini akakumbuka shavu lililoshiba. Nyevu amelishibisha jani hili asubuhi na jioni. Jani gani lisingekuwa laini?

Akashuka na kidole mpaka kwapani. Patupu. Akaenda tawi jingine. Patupu. Akapiga goti, akapapasa chini kabisa kwenye matawi ya zamani. Hapo akagusa kitu. Punje. Kama mtama. Akasogea jani la pili: punje. La tatu: punje. Huko juu kwenye matawi machanga punje zilikuwepo pia, zimezama kwa unene, na sasa alipojua pa kubonyeza alizikuta zote.

Hapo hapo vidole vyake vikakutana na vidole vingine. Nyevu alikuwa amepiga goti upande wa pili. Mkono wake ulikuwa na sugu, sugu nene ya kamba ya mtungi.

"Mama, umeona nini?"

"Acha maji."

"Mama?"

"Usimpe tena. Hata tone."

"Akifa je?"

Mbodze alibana ule mkono wenye sugu. "Siku ile nilikukatia nikiwa na macho, na macho yalijaa machozi. Leo sina macho. Nina vidole. Acha maji, mwanangu."

Mavyaa akakohoa, kikohozi cha kusema yatosha. Mikono ikaachana.

Kiangazi kikaja, kikali. Chengo akaja.

"Mnukia?"

"Majani yanageuka manjano, mama."

Akaenda, akarudi.

"Mnukia?"

"Majani yanaanguka. Pu, pu, pu."

Akaenda, akarudi. Safari hii hakungoja kuulizwa. "Vijiti vitupu, mama. Nyevu hafunui mtungi. Wala haimbi tena."

Mbodze akakimbia kwa Babu Ndurya. Alimkuta amelala, amekuwa mdogo kama mtoto, pumzi yake inakwenda sss, sss.

"Babu, niambie sikukosea."

"Mimi sikuushika, mwanangu."

"Lakini wewe ndiye unayejua!"

"Ulishika nini?"

"Punje. Kila kwapa, punje."

"Basi nijue nini tena mimi, ambacho wewe hukijui?" Akatabasamu kwa ufizi. "Nipe asali kidogo. Ile nyeusi."

Alimpa kwa kidole. Babu akalamba, akafumba macho. Hakutaja jina la ua. Siku chache baadaye wakamzika.

Matanga yakaisha, watu wakaanza kumjia Mbodze. "Nani atatukatia vijiti vya maharusi sasa? Wewe ndiye uliyefundishwa." Mbodze aliinama, akaendelea na kazi yake. Angewaambia nini? Hakujua kama ni mwanafunzi wa Babu au ni mama aliyekausha njia ya mwanawe. Alitamani kumuuliza mtu mmoja tu, na huyo alikuwa chini ya udongo. Akagundua kwamba sasa ana hamu ya watu wawili, Babu na mwanawe.

Asubuhi moja alikuwa akipepeta mtama. Chaka, chaka, chaka. Harufu ikaja. Hakunyanyuka. Alishajifunza kutonyanyuka.

Halafu kuku wakaruka.

Mbodze aliangusha ungo. Mtama ukamwagika wote. Njiani alikuwa anakuja mwanamke mrefu, amefunga kichwani tawi zima, si ua moja, tawi zima jeupe lisilo na jani hata moja. Alifika uwanjani, akasimama mbali kidogo, macho ameyainamisha.

"Mama, nikutazame, au bado?"

"Nitazame."

Nyevu akainua uso. Akacheka, na kishimo kikatokea. Kilikuwa kushoto.

Walishikana hapo, juu ya mtama uliomwagika, na kuku wakala walivyotaka.

Baadaye Nyevu alichomoa kichwani ua moja kubwa. "Hili ni la mume wangu mzee, Babu Ndurya. Yuko wapi?"

Mbodze alielekeza kwa kidevu, juu, kando ya kichaka. Walipanda pamoja, wakaliweka ua juu ya kaburi, na nyuki mmoja akatua juu yake kabla hawajageuka.

Lakini mila ilikuwa na mkia wake. Bibi harusi hukaa kwao mpaka ua linyauke, kisha hurudi kwa mumewe. Nyevu alikuwa ameleta ua la mwisho la tawi lile ndani ya nyumba. Akachukua bakuli, akachota maji, kisha mkono ukasita hewani.

"Mama, hili nilinyweshe au nilinyime?"

Mbodze akacheka. Alicheka mpaka akalia.

"Linyweshe, mwanangu. Hili halina mzizi wa kuogopa kufa. Linyweshe tu."

Waliketi, bakuli kati yao, wakaongea. Maji yalipopungua kidogo mmoja alinyanyuka akaongeza, na mwingine akajifanya hakuona. Petali ya kwanza ilipoanza kukunjamana pembeni, Nyevu aliigeuzia ukutani.

Tangu hapo Mbodze ndiye aliyekata vijiti vya maharusi, na kabla ya kukata alifumba macho. Na wazee wa kijiji kile wakawa wakiwaambia watoto wao: ukimpenda mtu, mjue siku ya kazi, usingoje siku ya ua. Na usimnyweshe mwenzako kiu yako, muulize yake.

Hadithi yangu naitua hapa, kama mzigo. Mwenye mtu wake mbali, aibebe mpaka kwake.